Meneja Anayependwa na Wote

Katika karakana ile ya kushona sare, mmoja husoma kitabu kwa sauti na wenzake humshonea sehemu yake ya vifungo. Wiki ile zamu ilikuwa ya Sindano, mwanamke mwembamba kama jina alilobandikwa. Alikuwa akisoma riwaya yake mwenyewe bila kusema ni yake, na roho ilikuwa juu.

Msimulizi wa riwaya ni meneja anayejisifu mwanzo mwisho. Mhariri alikuwa ameng'ang'ania kwamba wasomaji watamwamini na hawatacheka. Sindano aongeze sura ya kumuumbua, la sivyo kitabu hakichapwi. Sindano aliiandika huku akiichukia.

"'Nikiingia ofisini, wote hunyamaza kwa heshima,'" alisoma.

"Huyo ndiye bosi!" alisema Shangazi, fundi mkongwe wa makoti. "Wetu wa hivyo tungempata wapi?"

Sindano akawaza: Kumbe mhariri alisema kweli! Akaendelea shingo upande, hadi meneja akalazwa hospitali.

"'Walinipenda mno. Siku niliyolazwa walishindwa kujizuia, wakaimba na kucheza ofisini hadi jioni.'"

Cherehani ya Shangazi ikasimama.

"Ngoja. Mtu anaumwa, wao wanacheza?" Akaangua kicheko. "Mwongo mkubwa! Na ile kunyamaza, kumbe walikuwa wanamsengenya! Kanichezea shere mimi, mtu mzima na miwani yangu! Rudi mwanzo, mwanangu, rudi mwanzo!"

Wakarudi. Kila sifa waliyoimeza mara ya kwanza sasa iliwavunja mbavu, na wakashindana kumnasa meneja, Shangazi akiwa mstari wa mbele. Vifungo vilisahaulika kabisa.

Siku ya mwisho Sindano akasoma na ile sura mpya. "'Msomaji, ujue kwamba meneja alikuwa mwongo…'"

Vicheko vikakatika.

"Sasa huyu mwandishi anatutafunia ya nini?" Shangazi akafoka. "Tumemkamata wenyewe! Anatuona wajinga?"

"Ni mhariri aliyetaka," Sindano alisema. "Mwandishi ni mimi."

Wakamkodolea macho. Kisha Shangazi akamkumbatia, sindano na nyuzi zikiwa bado kifuani.

"Mpigie simu. Sasa hivi."

Sindano akapiga. Nyuma yake Shangazi alikuwa ametoa tumbo mbele, anatembea kimeneja, na wenzake wananyamaza kwa heshima mpaka wanashindwa, wanaangua vicheko.

"Ile sura nimeitoa," Sindano alimwambia mhariri.

"Tulishaongea. Hawatacheka," alisema mhariri, kisha akasita. "Hapo ulipo kuna nini? Hao ni nani?"

"Wasomaji wangu," alisema Sindano.