Fulana Isiyo na Namba

Namba ziligawiwa saa moja asubuhi kwenye veranda ya kambi, pale Kitengela, kutoka ndani ya katoni ya sabuni. Kochi Sydney aliita jina, msichana akasogea, akapokea kipande cha karatasi ngumu na pini nne. Jentrix alipata namba moja. Wengine sita wakapata zao. Katoni ikafungwa.

Nalotuesha alikuwa amesimama karibu na mtungi wa maji. Alitupiwa fulana nyekundu, tupu mbele na nyuma. Ilikuwa ile ile ya mbio za Machi na za Julai, na mara zote mbili aliifua mwenyewe.

"Leo tena unavuta," Sydney alisema. "Mizunguko minane, kila mmoja sekunde themanini. Halafu unatoka kando polepole, usikanyage mtu."

"Na yangu nitakimbia lini, kochi?"

"Yako inakuja. Wewe uko na mwili. Nani amekuambia hauna?"

Hayo hayo aliyasema Machi. Mvutaji, watu wa riadha humwita sungura: anatangulia, anakata upepo, anaweka mwendo, kisha anatoka kabla ya mwisho ili mwingine amalize vizuri. Anayetoka hana muda. Na Shirika la Hatua Mbele, lililowaweka wasichana hawa kambini likiahidi kuwatafutia nafasi katika vyuo vya Marekani, lilikuwa limewaeleza wazi: chuo hakitaki kuambiwa msichana ni mwepesi, kinataka muda ulioandikwa, mita elfu tano chini ya dakika kumi na saba. Wala hakitaki aliyekaa nyumbani sana baada ya Form Four. Nalotuesha alikuwa amemaliza shule kule Rombo miaka miwili iliyopita. Majina yalikuwa yanatumwa Ijumaa. Baada ya hapo angekuwa ameachwa, basi.

Alianza kumshuku Sydney siku aliyogundua kwamba mjomba wa Jentrix ni mwanakamati wa shirika na nyumba ya kambi ni yake. Tangu hapo hakuna kitu alichokiamini. Alishuku barua pepe aliyofunguliwa na ofisi, ambayo nywila yake hakuwahi kuambiwa. Alishuku kabati lililofungiwa cheti chake cha shule, ati kwa usalama. Alishuku hata uji wa Jentrix, kwamba ulikuwa mzito kuliko wa wenzake, na hapo labda alimwonea.

Kwa hiyo safari hii alikuwa amejipanga. Hangetoka kando. Angemaliza mbele ya macho ya watu, na muda wake ungeandikwa, Sydney apende asipende.

Kilichomtia wasiwasi ni saa. Walipofika uwanjani Kajiado, wenzake wakinyoosha misuli, alimwendea Mwalimu Kaloki. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu aliyeshika saa kwenye mashindano ya shule tangu mama yake Nalotuesha akiwa msichana, na wote walijua hanunuliki. Alikuwa ameketi kwenye meza ya kukunja pamoja na Kalekye, karani wake, wakipanga karatasi.

"Mwalimu, mtu akivuka mstari, utabonyeza saa?"

"Kila anayevuka."

"Hata kama kochi amesema asivuke?"

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Kochi hashiki saa yangu, mama. Kifua kikivuka, mimi nabonyeza. Kalekye anaandika namba, wa kwanza hadi wa mwisho, halafu tunaunganisha orodha mbili. Miaka thelathini na moja tunafanya hivyo."

Nalotuesha alishusha pumzi. Angalau mtu mmoja pale alikuwa mwaminifu.

Mbio zilianza saa nne, jua likiwa tayari limekolea. Vumbi la murram, udongo ule mwekundu wa changarawe, liliinuka hadi magotini. Alivuta kama alivyoagizwa, sekunde themanini, themanini tena, akimsikia Jentrix nyuma yake akihema kwa pua. Mzunguko wa tano vidole vya mguu wa kulia vikaanza kuchubuka, kwa maana viatu vilikuwa vya kambi na havikuwa saizi yake. Mzunguko wa nane Sydney alisogea ukingoni akampungia mkono atoke. Hakutoka. Wa tisa Sydney aliita jina lake. Wa kumi akaacha kuita, na pumzi ya Jentrix nayo haikusikika tena.

Alivuka mstari peke yake. Alimsikia Mwalimu Kaloki kwa masikio yake akitamka, "Kumi na sita, thelathini na nane," na akalia palepale, vumbi usoni, bila kuona haya. Jentrix alifika sekunde thelathini na nne baadaye.

Sydney hakumgombeza. Alikwenda mezani, akasoma karatasi ya Kalekye, akasoma ya mwalimu, akampiga mzee bega kidogo na kumwambia ni kazi safi. Nalotuesha aliona, na furaha yake ikaingia baridi.

Matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa stoo. Namba moja, Jentrix: 16:38. Wa pili: 17:12. Alisoma mara tatu kutoka juu hadi chini akitafuta jina lake. Halikuwepo.

Alimwendea Mwalimu Kaloki, naye akafungua daftari bila kinyongo. Muda ulikuwa wa watu wanane. Namba zilikuwa saba. Muda wa mwisho kwenye orodha, wa nane, ulikuwa umepigwa mstari.

"Huu nilidhani kidole kimebonyeza mara mbili," alisema.

"Wa kwanza ni mimi, Mwalimu. Si nilikuja asubuhi?"

Mzee alimgeukia karani wake. "Kalekye, uliona namba yake?"

"Hakukuwa na namba. Ningeandika nini?"

"Unanijua jina," Nalotuesha alisema.

"Fomu haina mahali pa jina," Kalekye alijibu, na hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. "Majina yanatoka kwa orodha ya shirika, kulingana na namba."

Mwalimu Kaloki alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena. Alieleza kwamba karatasi ikishabandikwa hawezi kuigusa kwa neno la mtu mmoja, hata akilijua ni la kweli. Amletee wawili waliokimbia, waseme nani alikuwa mbele.

Wasichana saba walikuwa kivulini, wakinywa maji. Nalotuesha alimchagua Ifrah kwanza, msichana wa Garissa aliyelala kitanda cha juu yake miezi kumi. Ifrah ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja na kukunjua kona ya hijabu.

"Nalo, hapo nimeandikiwa seventeen fifty-eight," alisema, bila kuinua macho. "Nikiongea, narudi eighteen twenty. Nikizidi eighteen hawaniweki kambini tena. Na mimi naitafuta hii kitu."

Hapo ndipo alipoelewa. Kila mmoja alikuwa amepanda kwa muda wa aliyemtangulia. Hakuna hata mmoja aliyepoteza sekunde. Aliuliza wengine watano kwa sababu ilibidi aulize. Hakumuuliza Jentrix.

Alhamisi jioni Sydney alimwita ofisini. Alikuwa mpole, alimwekea kiti.

"Chuo nilichokitumia muda wa Jentrix mapema kimejibu," alisema. "Kochi wao anataka video kabla ya kesho. Kilomita mbili, mwendo ule ule. Peke yake hawezi, unajua hivyo na mimi najua. Utamvuta."

"Nipe namba."

"Ya nini? Kamera itamfuata yeye."

"Na cheti changu?"

Sydney alitazama kabati, kisha akamtazama yeye. "Kiko salama. Fanya hii, halafu Januari tuone yako."

Alirudi bwenini. Fulana nyekundu ilikuwa kitandani kwake, imefuliwa, imekunjwa vizuri, bado ina unyevu. Hakuifua yeye.

"Ni Jentrix ameileta," Ifrah alisema kutoka kitanda cha juu. "Unaenda?"

Nje filimbi ililia. Nalotuesha aliikunjua fulana, akaigeuza, akaigeuza tena. Lebo ya shingoni ilikuwa imechakaa ikatoka zamani, na alishindwa kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi.