Maboksi ya Kahawa

"Shemeji, hilo jiko si mgonjwa. Unalipapasa tangu asubuhi," Hilkka alisema, mikono yake imezama kwenye unga wa mikate ya nafaka ya rai.

Armas alikuwa amepiga magoti sakafuni, kiganja chake kikiwa ubavuni mwa jiko jipya alilomjengea na sikio karibu na matofali. Ndani, kuni zenye maganda meupe zilikuwa zimekolea moto. Kwa siku tisa alikuwa amewasha vijiti vichache tu kila asubuhi ili udongo ukauke taratibu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya moto kamili. Nje, theluji ya kwanza ilikwisha kufunika shamba la viazi, na nyumba ya Hilkka haikuwa na kitu kingine cha kuipasha joto.

Naye Armas alikuwa na siri iliyomnyima raha siku tatu nzima.

Jiko la namna hii ni mawili ndani ya moja. La ndani ni la matofali meupe yanayostahimili moto mkali. La nje ni la matofali mekundu ya kawaida, na hilo ndilo linalolinywa joto polepole na kulitoa polepole mpaka kesho yake. La ndani likipata moto huvimba. Si sana, unene wa ukucha tu, lakini lisipopata nafasi hulipasua la nje toka juu hadi chini. Ndiyo maana mafundi wa huku Karelia huacha mwanya katikati na kuujaza kadibodi. Moto mkali wa kwanza huila kadibodi, mwanya ukabaki. Hata mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo. Ila Armas, baada ya miaka arobaini ya kazi, hakukumbuka kama aliweka kadibodi ubavu wa kushoto.

Upande wa kulia aliukumbuka vizuri. Wa nyuma pia. Alijikata kidole siku ile. Wa kushoto, akijaribu kuukumbuka, kichwani hapakuwa na kitu.

Tangu Impi, mkewe, azikwe mwezi wa nne, kichwa chake kilikuwa hivyo. Mwezi wa nane aliziba kwa tofali tundu la kutolea masizi nyumbani kwa jirani, na kijiji kizima kikacheka mpaka kikachoka. Mtoto wa Hilkka alipiga simu kutoka mjini: mama, mwache mzee apumzike, tafuta jiko la mafuta. Hilkka, mdogo wake Impi, alimkatia simu katikati ya sentensi. Imani hiyo ilimuumiza Armas kuliko kicheko chote cha kijiji. Jiko hili likipasuka, mwanamke mmoja aliyemwamini angebaki kwenye baridi, naye Armas angeutundika mwiko wake wa uashi moja kwa moja.

Tak!

Armas aliruka, nusura asimame wima.

"Nini hicho?" Hilkka aliuliza.

"Mlango wa jiko. Chuma kina papara. Kinapata moto upesi, kinapoa upesi."

"Kama mimi enzi zangu."

"Enzi zipi? Hata sasa hujapoa."

Hilkka alicheka. Armas alijaribu kucheka, akashindwa.

Baada ya chakula cha mchana kuni ziligeuka makaa, naye akafunga kizibo cha dohani. Huo ndio wakati aliouogopa, joto linapokosa pa kwenda ila kwenye matofali yenyewe. Ubavu wa kushoto, ulio karibu zaidi na moto, ulianza kuchoma kiganja. Alihesabu viungo vya udongo kati ya matofali kimoja kimoja, akitafuta ufa.

Mara Hilkka akainua pua.

"Kuna kitu kinaungua. Na si mikate yangu, bado haijaingia!" Alikwenda kufungua dirisha. "Karatasi hiyo! Shemeji, umesahau kitu humo ndani!"

Armas alinusa upande wa kulia: hakuna kitu, bado palikuwa vuguvugu. Akatambaa kuja kushoto, pua ikigusa matofali kama mbwa wa kuwinda. Pale juu, kwenye kiungo cha mwisho, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukijipenyeza.

"Sijasahau," alisema. Akaketi chini pale pale. "Hilkka, sijasahau!"

Alicheka, kisha machozi yakamtoka, na mikono ilikuwa imejaa masizi, asiweze kuyafuta. Ndipo akamweleza yote.

"Siku tatu! Na hukuniambia?"

"Ungeniambia nini?"

"Kwamba wewe ni mpumbavu."

"Basi ndiyo maana nilinyamaza."

Hilkka alitikisa kichwa, akanusa tena. "Lakini inanuka vibaya, jamani. Ni kadibodi gani hiyo?"

"Maboksi ya kahawa. Impi alikuwa akiniletea kutoka dukani kila Ijumaa, ameyafunga kwa kamba." Alitazama ule uzi wa moshi. "Yalibaki manne bandani. Nimeyamaliza humu."

Unga ulikuwa ukimkauka Hilkka vidoleni. Upepo wa theluji ulikuwa ukiingia. Alikwenda dirishani, akalifunga, akasukuma na komeo. Kisha akaja kuketi sakafuni kando ya shemeji yake, mgongo kwenye matofali ya moto, wakaivuta harufu ile taratibu.