Viputo Vitupu vya Bwana Mbavu

Mjomba Arvo alijifunika shuka langu la maua, akalitoboa matundu mawili, akajiita mzuka. Kila kengele ikilia anafungua mlango akiunguruma, watoto wa mtaa waliokuja na vinyago kuomba pipi wanacheka, yeye ananuna.

"Odette, njoo unisaidie! Hawa wanachota pipi kwa mikono miwili!"

"Mjomba, niache bwana! Leo Halloween, wasomaji wananisubiri."

Wasomaji wenyewe hawajazi hata ukumbi wa shule, lakini ni wangu. Kwenye tovuti yangu nachora katuni ya Bwana Mbavu, mifupa mitupu asiyejua kwamba amekufa, na rafiki yake Boga, anayejua ila hana moyo wa kumwambia. Kila Halloween lazima utoke ukurasa mpya. Ndivyo tulivyoanza mimi na Corliss tulipokuwa wanafunzi hapa hapa mjini Marquette: mimi nachora, yeye anaandika maneno. Kisha akahamia Arizona. Ujumbe ukapungua, ukawa salamu tu, mwisho kimya, miaka mitatu sasa. Hatukugombana. Heri tungegombana, ningepata cha kukasirikia.

Tangu hapo maneno naandika mwenyewe, nayo yamepoa kama uji wa jana. Wasomaji wana adabu, wanasema "picha nzuri." Jamani, nilimkumbuka yule mwanamke! Wala si maneno yake tu. Nilikumbuka anavyocheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe.

Jioni ile, kwenye kompyuta, nilimchora Bwana Mbavu ameketi kwenye ngazi za nje, Boga mapajani, theluji ya kwanza inaanguka. Juu yao viputo vinne vya maneno. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena upuuzi ule ule. Ili nisiuone wakati namalizia theluji, nikalificha tabaka la maandishi, lile linalobeba maneno peke yake juu ya picha. Mara mjomba akapiga kelele kwamba pipi zimekwisha, zingine ziko wapi? Nikapandisha ukurasa kwenye tovuti haraka haraka, nikakimbilia kabatini kuchukua pipi za akiba.

Niliporudi, maoni yalishaanza. "Mbona hawasemi?" "Viputo vitupu! Ni mtihani?" Nikashika kichwa. Tabaka la maandishi sikulirudisha! Ukurasa umetoka bubu, mbele za watu.

"Mjomba, nimeaibika!"

"Wewe? Mimi niliyevaa maua nisemeje?"

Nikashika kipanya cha kompyuta niufute ukurasa. Ndipo yakaja maoni mengine, hayana jina.

"Cha kwanza, Mbavu: Kho, kho. Nilikuwa na shughuli.
Cha pili, Boga: Miaka mitatu?
Cha tatu, Mbavu: Sina ulimi, umesahau? Na kila nikitaka kuanza, naona haya.
Cha nne sikiwezi. Hapo ni zamu ya Boga, na Boga ni wewe."

Nikasimama, kiti kikaanguka. Zamani, tulipokuwa tukijaribu maneno kwa sauti jikoni, Corliss alikuwa Mbavu, mimi Boga. Hakuna mwingine anayelijua hilo. Na kile kikohozi cha mifupa isiyo na mapafu ni chake. Alipoondoka niliacha kukitia kwenye katuni, kilikuwa kinaniuma.

Nikayaingiza maneno yake, moja moja. Nikafika kiputo cha nne. Nilikuwa na mambo ya miaka mitatu ya kumwambia, na kiputo chenyewe, kwa ujinga wangu, nilikichora kidogo kama ukucha.

"Odette, hata akiba imekwisha," mjomba alisema, kidole kiko kwenye swichi ya taa ya barazani. "Nizime? Ikiwaka watoto wataendelea kugonga."

"Usizime!" Nilipaza sauti mpaka akashtuka. "Mjomba, tafadhali. Iache."

"Haya, haya. Mzuka ni mimi, wewe ndiye unayetisha watu."

Chini ya ukurasa nikaandika majina yetu mawili, lake kwanza, kama zamani. Kisha kwenye kiputo cha Boga nikabana maneno yaliyotosha, nikaupandisha upya:

"Taa inawaka. Gonga."