Runinga Kali Kuliko ya Kitinda

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kiko ng'ambo ya barabara, kimefungua saluni inayotazamana na yangu. Ni mdogo wangu. Tunamwita Kitinda kwa sababu ndiye wa mwisho kuzaliwa, na wa mwisho nyumbani hakosei.

Sikuumia kwa wateja. Niliumia kwa baba. Miaka yote kichwa chake nakinyoa mimi. Siku hizi anapita mlangoni kwangu, ananiinulia mkono, anavuka barabara na kwenda kukaa kwenye kiti cha Kitinda. Ufundi wenyewe nimemfundisha mimi. Lakini yeye ana runinga, mimi sina, na sikuhitaji mganga kuniambia baba anafuata nini.

Asubuhi moja nikaona boksi la runinga hiyo limetupwa nje ya saluni yake. Nikavuka kama mtu anayetafuta boksi la kutilia takataka, nikasoma ubavuni: Full HD. Nikasema moyoni, subiri, utanitambua.

Dukani muuzaji, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliniwashia runinga tatu zinazoonyesha kasuku yuleyule: HD ya kawaida, Full HD na 4K.

"Wateja wako wanakaa mbali na ukuta?" akauliza.

"Saluni ni ndefu kama korido. Benchi liko mwisho kabisa."

"Na king'amuzi?"

"Cha kawaida."

"Basi chukua Full HD. Hii 4K ina nukta mara nne zaidi, ni kweli, lakini kwa kioo kidogo namna hii, tena kwa mbali, macho hayatazitambua. Na king'amuzi chako hakina picha za kuijaza. Utakuwa umemlipia huyu kasuku."

"Full HD anayo mdogo wangu."

Akanitazama juu ya miwani. "Unanunua runinga ya kutazama au ya kutambia?"

"Nifungie 4K, mama."

Ukuta wa mbele umejaa vioo vya kunyolea, kwa hiyo niliitundika nyuma ya viti. Sikufikiri. Mteja akawa anatazama mpira ndani ya kioo, maandishi kinyumenyume, timu zimebadilishana upande. Mmoja alishangilia bao ililofungwa timu yake, akaruka na povu masikioni. Benchi zima likamcheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nachungulia ng'ambo kuona kama Kitinda anatuona.

Jumamosi nikamdaka baba kabla hajavuka.

"Baba, leo kaa kwangu. Kuna kitu nataka uone."

Akakaa. Nikawasha. Akaitazama kidogo kiooni, akasema, "Nzuri," kisha nilipoinua wembe akafumba macho.

"Mbona hutazami?"

"Nitatazamaje wembe ukiwa kichwani? Lini umeniona nanyolewa macho wazi?"

Kweli, hata siku moja. Wivu ulikuwa umenisahaulisha baba yangu mwenyewe.

"Na kwa Kitinda je?"

"Kwake ndiyo nafumba kabisa."

"Sasa kule unafuata nini?"

Baba akashusha pumzi. "Mkono wa mdogo wako haujatulia. Watu wanatazama mpira wao bure kwenye benchi, halafu wanaondoka na nywele zao. Wakiona baba yake mwenyewe amekaa kitini, wanapata moyo, mmoja wawili wanajaribu. Wewe hunihitaji, mwanangu. Wewe ni fundi."

Nilipaswa kufurahi. Nikainamisha kichwa chake nimalizie kisogo, na hapo nikaona makovu madogo madogo, mengine bado mabichi. Mzee alikuwa anachanwa kila wiki, na kila wiki anarudi kukaa. Kwangu hakuwahi kutoka hata tone la damu. Nikasimama na wembe mkononi, nikayaonea wivu yale makovu kuliko nilivyowahi kuionea runinga.