Kitufe cha Kikohozi

Mtu akikuambia kwamba sauti nzuri hutoka mahali pazuri, mpeleke akaone kipaza sauti cha Hariri. Sponji yake ilikuwa nyeusi siku iliponunuliwa. Sasa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, imeshiba mate ya miaka, na ilinuka mdomo wa mtu aliyekula vitunguu akalala bila kusukutua. Hapo ndipo binti aliyeitwa Kasuku alipotakiwa kuisogeza midomo yake, kisha atabasamu.

"Vidole vinne kutoka kwenye maiki," Hariri alimwambia. "Ukikaa mbali, unaongea na ukuta. Na utabasamu. Tabasamu linasikika, mtoto wewe. Hata kama jino linakuuma, tabasamu."

Jina la Kasuku alipewa na shangazi yake, mshonaji aliyemlea tangu mama yake alipofariki, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akishika mwiko wa ugali na kuwaiga watangazaji neno kwa neno. Aliyemwiga zaidi ni huyu huyu Hariri, aliyebandikwa jina hilo na wasikilizaji kwa ulaini wa sauti yake. Akiingia hewani yeye, shangazi alikuwa anasimamisha cherehani. Sasa Kasuku alikuwa mwanafunzi wake studio. Hariri alikuwa anapanda cheo, kipindi cha mchana kilihitaji mtangazaji mpya, na yeye ndiye angesema nani akalie kiti. Kasuku alikitaka kiti kile kuliko chakula.

Basi akajikaza kisabuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga walisahau tu kusema huko mvunguni kunanukaje. Alivaa hedifoni zilizoteleza kwa mafuta ya nywele za mwenzake. Kila asubuhi alifuta meza, akaokota vijiti vya meno na vipande vya kucha, maana Hariri alikuwa anakata kucha wakati wa matangazo ya biashara, na vingine vilirukia kwenye karatasi za habari. La kuudhi zaidi ni kwamba yule mchafu kazi aliijua.

"Usiseme 'wasikilizaji wangu wote huko mliko'," alimfunza. "Nani anasikiliza redio akiwa umati? Mtu yuko peke yake, anamenya viazi. Ongea na huyo mmoja." Akamfundisha kuvuta pumzi kwa tumbo, kugeuza karatasi bila kuiliza, kutazama saa huku akiongea ili sentensi iishe pale habari zinapoanza, na kuogopa ukimya hewani kama mtu anavyoogopa gesi inayovuja. Kisha akamwonyesha kitufe pembeni mwa meza.

"Hiki cha kikohozi. Ukikibonyeza, maiki inakufa. Unakohoa, unaachia, unaendelea. Hakuna anayejua."

Kasuku hakuwahi kumwona akikohoa. Siku ya kwanza kukaa kando yake kipindi kikiwa hewani, aliingia kwenye simu mwanamke mwenye sauti ya uchovu, akasalimia, akaanza kueleza jinsi goti linavyomsumbua akikanyaga cherehani. Kasuku alimjua kabla salamu hazijaisha.

"Pole sana, mama yangu, nakusikiliza," alisema Hariri, laini kama jina lake. Kidole kikashuka kwenye kitufe. "Bibi Gundi huyu, amenata tena! Hana mume, hana mbwa, basi mbwa wake ndio sisi." Nyuma ya kioo, fundi mitambo akaangua kicheko. Kidole kikainuka. "Ndiyo mama, na daktari anasemaje?"

Kasuku angeweza kusema kwamba yule ni shangazi yake. Maneno yalimfika ulimini, akayameza. Halafu, kwa kuwa Hariri alikuwa anamtazama, akacheka kidogo, kicheko cha meno tu. Kipindi kilipokwisha alikwenda msalani kunawa mikono, ingawa mikono haikuwa imefanya kosa lolote.

Nyumbani, shangazi alimsubiri na swali.

"Hivi Hariri ana nini? Nikiongea naye nasikia feni inavuma huko kwao. Halafu ghafla inakatika, kimya, halafu inarudi. Mpaka nikadhani simu yangu mbovu."

"Ni kitufe, shangazi. Cha kukoholea. Akikibonyeza, sauti inakatika."

Shangazi alijishika kifua. "Maskini! Kumbe mtu anaumwa, na bado ananisikiliza mimi?"

Hakudanganywa hata neno moja, na hilo ndilo lililomchefua Kasuku. Kesho yake akabebeshwa chupa ya asali iliyochanganywa na ndimu, imefunikwa kitambaa kilichopindwa kwa mkono.

Hariri alitumbukiza kidole, akakilamba mpaka shinani, akatumbukiza kile kile tena. "Nani kaleta?"

"Msikilizaji."

"Wajinga ndio waliwao," alisema kwa furaha. Hewani alimshukuru mama huyo msamaria kwa sauti ya kutoa mtu machozi, na shangazi, kwenye cherehani yake, aliyatoa kweli. Kabla wiki haijaisha, kile kitambaa kilikuwa cha kufutia pua, kifuniko kilikuwa kimejaa kucha, na sisimizi walikuwa wanazama kwenye asali. Kasuku aliinyanyua chupa ile, akawatazama. Aliirudisha mahali pake, akafuta meza.

Ikafika siku ya kujaribiwa. Hariri alikaa pembeni, mikono kifuani, kijiti mdomoni. "Kipindi chako leo. Ukikiweza, kiti chako. Ukikwama, utaendelea kufuta meza." Taa nyekundu ikawaka.

Kasuku akasogea vidole vinne, akatabasamu, akaongea na mtu mmoja anayemenya viazi. Sauti ilimtoka bila kulazimishwa. Wapigaji simu walikuja, akacheka nao, na waliozidisha porojo akawakata kwa adabu mpaka wakamshukuru. Hariri alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kipindi kilipokaribia ukingoni, ikaingia simu ya mwisho.

"Mwanangu, ni mimi yule mshonaji." Shangazi alikuwa ameahidi kutotaja udugu, asije akamharibia mtoto kazi. "Leo sina shida yoyote. Nimepiga tu kukusifu. Mimi mwenyewe nina mtoto nimemlea, basi huyo alikuwa anachukua mwiko, anasimama hapa kwenye kona ya cherehani..." Akazama kwenye hadithi ya mwiko, akaiacha, akaingia kwenye bei ya uzi, akairudia ya mwiko. Saa ilikuwa inakimbilia habari. Hariri akapindua macho, akapitisha kidole shingoni. Kisha akakitazama kitufe, akamtazama Kasuku, akasubiri. Fundi mitambo naye akasogea karibu na kioo.

Kidole cha Kasuku kikashuka. Hakuna aliyemshika mkono.

"Gundi imeshika leo, jamani," alisema. "Nani ana mafuta ya taa tuibandue?"

Fundi mitambo alicheka mpaka akashikilia kiti. Hariri alijipiga paja. Kasuku akaachia kitufe. "Ahsante sana, mama yangu, nimekusikia kila neno. Huyo mtoto wako ana bahati," alisema akitabasamu, na sentensi ikaisha pale pale habari zilipoanza.

"Umeiva!" Hariri alimpa mkono, nao ulikuwa unanata asali. "Kiti chako!"

Walipotoka, Kasuku aliinama kwenye sponji, akavuta pumzi. Harufu hakuisikia. Akavuta tena kwa nguvu, akiitafuta kabisa, na alipoikosa mara ya pili alijionea kinyaa hata akaogopa kumeza mate yake mwenyewe.

Shangazi alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamzungusha, akamwita mtangazaji. Mezani palikuwa na chupa mpya ya asali na ndimu, na kijiko kando yake.

"Ila nimekusikia," shangazi alisema, uso umejaa huruma. "Pale nilipofika kwenye mwiko, feni ikakatika. Mwanangu, na wewe?"

Sasa ndipo pa kusema. Kasuku alifungua kinywa aseme, na mashavu yakapanda yenyewe, kama alivyofundishwa.

"Ndiyo, shangazi," akajibu, laini kabisa. "Kikohozi kidogo tu."

"Nilijua mimi!" Shangazi alichota asali kijiko kizima. "Kutwa nzima chumba kimoja na yule bwana, ungeponea wapi? Amekuambukiza. Haya, panua mdomo."

Kasuku akapanua.