Mfungo wa Wawili

Kuwa mama wa maombi ughaibuni ni cheo, na Nyambura alikuwa amekikalia miaka tisa. Katika ushirika wa Wakenya wa Birmingham, mtu akiugua, akipoteza kazi au akichelewa kujibiwa na uhamiaji, hakuanza kwa daktari wala kwa wakili. Alianza kwa Nyambura. "Nitakuombea," angesema, na aliyepiga simu angelala usingizi mzuri. Jambo moja tu hawakulijua. Nyambura hakuwa ameomba kwa miaka miwili.

Tusimsingizie. Hakuwa ameasi, wala hakuna aliyemkosea. Imani ilikauka tu, kama kisima kinavyokauka, na siku alipoteremsha ndoo ikarudi tupu, alinyamaza. Angemwambia nani? Mumewe alikuwa kaburini Murang'a, na katika mji huu hakuwa na ndugu wala jirani aliyejua jina lake. Watu wake wote walikuwa wa ushirika. Bila wao, Jumapili ingekuwa kuta nne za chumba chake mtaani Washwood Heath na ngurumo za malori ya maghala. Kwa hiyo aliendelea kufumba macho na wenzake, na maneno yakaendelea kutoka, maana mdomo nao una mazoea yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa inaingia mwaka wa tatu.

Siku za kazi alihudumia wazee majumbani mwao. Mmoja alikuwa Mzee Kamlesh, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, aliyefika Birmingham akiwa kijana na kufanya kazi katika kiwanda cha magari mpaka mgongo ukamkatalia. Alikuwa na rundo la santuri za zamani. Kila mara Nyambura alipomaliza kumwosha na kumvisha, mzee alimwomba amwekee ile moja, wimbo wa soul wa Wamarekani weusi wa enzi hizo. Kinanda cha kanisani kilianza polepole, kisha mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza akauliza: mikono hiyo unayoinua juu, unamfikia Mungu au unatuonyesha sisi? Wanawake waliokuwa nyuma yake hawakumjibu. Walilirudia swali.

"Huyu mtu hana adabu," Nyambura alisema siku ya kwanza.

"Yeye nauliza tu, mama," mzee akacheka. "Kuuliza hapana dhambi."

Nyambura aliuchukia wimbo ule, na siku ambazo mzee alisahau kuuomba, aliuweka mwenyewe.

Februari ilipofika, Fiona akampigia simu. Fiona alikuwa nesi wa miaka ishirini na sita kutoka Meru, na alipanga chumba Selly Oak katika nyumba moja na wanafunzi wanne ambao walisalimiana naye kwenye ngazi, basi. Mama yake alikuwa amelazwa huko nyumbani akisubiri upasuaji. Karatasi za Fiona zilikuwa uhamiaji. Akitoka nje ya nchi, ombi lake lingefutwa.

"Mum, funga na mimi siku tatu," alisema. "Siwezi nikiwa peke yangu."

Katika ushirika ule hakuna anayefunga peke yake. Mnafunga wawili, kwa maji tu, na kila mchana mnaulizana hali, ili mmoja akilegea mwenzake amshike. Nyambura alisema ndiyo. Mama wa maombi atasemaje hapana?

Siku ya kwanza alijikaza mpaka saa saba. Amrita, mkwe wa mzee, alikuwa ameleta kichri, wali uliopikwa na dengu hadi ukalainika, na samli juu yake. Nyambura alimlisha mzee, kisha akabaki jikoni na sufuria. Simu ikatetemeka. "Bado tuko?" Fiona aliuliza. Nyambura akaandika kwa kidole gumba, kijiko mkono wa pili: "Bado tuko, mwanangu." Kisha akala.

Siku ya pili alikula tena. Siku ya tatu mzee hakugusa sahani yake.

"Unaumwa, Mzee?"

"Hapana. Leo siku ya kumi na moja ya mwezi. Kwetu iko kufunga." Akaisukuma sahani upande wa Nyambura. "Wewe kula, mama. Kazi yako iko ngumu."

Mwaka mzima Nyambura alikuwa akimhudumia na hakujua kwamba mzee hufunga. Siku kama hizo mzee humwambia hana hamu ya chakula, naye huandika hivyohivyo kwenye ripoti: hana hamu. Hakuwa amemtangazia mtu. Santuri ilikuwa inazunguka, na yule mkosa adabu alikuwa anauliza swali lake. Nyambura alikaa mbele ya mzee wa Kihindu mwenye njaa, akala chakula chake mpaka mwisho, na machozi yalimtoka akiwa anatafuna. Aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Mzee alijifanya anatazama dirishani. Simu ikatetemeka. "Bado tuko?" Akajibu kama jana na juzi.

Mama yake Fiona alifariki asubuhi iliyofuata, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji.

Jumapili mchana ushirika uliijaza ile nyumba ya Selly Oak kwa matanga. Viatu vilirundikana mlangoni, chai ya maziwa ilichemka katika sufuria kubwa, watu wakakaa mpaka kwenye ngazi. Wanafunzi walipita wameinamisha vichwa, wakisema sorry, sorry. Pasta Mugambi alisoma neno, kisha akampa Fiona nafasi.

"Mniombee," Fiona alisema. Alikuwa amejifunga leso kichwani, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Lakini kuna mtu nataka kusema asante. Siku tatu, Mum Nyambura alifunga na mimi. Kila lunchtime nilimtext, na alikuwa pale. Hizo siku sikuwa peke yangu. Hiyo ndiyo kitu nimeshikilia."

Amina zilijaa sebuleni. Mkono wa mtu ukampapasa Nyambura mgongoni. Akainuka kwenda jikoni kana kwamba chai imeisha.

Hapo sasa ndipo pagumu. Akinyamaza, msichana atabaki na kitu cha kushika, na yeye atabaki na watu wake. Akisema, wote wawili watapoteza. Mtu yeyote mwenye akili angemshauri anyamaze. Lakini alijua kwamba akinyamaza leo, Fiona atamletea mizigo yake yote maishani, mchana baada ya mchana, naye atamjibu kwa kidole gumba, kijiko mkono wa pili.

Fiona akaingia amebeba vikombe.

"Fiona, mwanangu," Nyambura alisema. "Mimi nilikula."

Fiona hakuelewa. "Ulikula lini?"

"Siku zote tatu. Ulipokuwa ukiniuliza, nilikuwa nakula. Na kuomba, sikuomba. Sijaomba siku nyingi."

Fiona aliviweka vikombe kwenye sinki, kimoja kimoja, kama mtu anayeogopa kuvunja. Alichukua muda mrefu kuvimaliza.

"Kwa hiyo nilikuwa peke yangu," alisema.

Nyambura alitaka kumwambia kwamba hata yeye alikuwa peke yake. Akayameza maneno hayo. Hayakuwa ya kumpa mfiwa.

"Ndiyo," alisema.

"Mum Nyambura," Pasta aliita kutoka sebuleni, "njoo utumalizie kwa maombi."

Fiona alifuta mikono. "Enda," alisema bila kumtazama. "Wanakungoja. Hiyo kazi unaijua."

Nyambura alisimama katikati ya sebule. Vichwa vikainama, macho yakafumbwa. Akafungua mdomo kwa mazoea yaleyale, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, maneno hayakuja. Watu wakangoja. Mtu akakohoa kwenye ngazi.

"Mungu," alisema mwishowe, "sijui kama unanisikia. Mtoto huyu aliniomba nifunge naye, nikakubali, nikala. Nikamwandikia kwamba tuko pamoja. Nilimwacha peke yake huku mama yake anakufa. Na hawa wengine wote walionitegemea, miaka miwili hii, sikuwaombea. Ni hayo tu."

"Amina," waliitikia wachache, kabla maneno hayajawaingia. Kisha macho yakaanza kufumbuka, huyu, na yule. Fiona alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Yake hayakuwa yamefumbwa tangu mwanzo.

Hakuna aliyemtukana, watu wa kanisa hawatukanani matangani. Pasta alianzisha wimbo, nao wakauimba kwa nguvu kupita kiasi. Nyambura alitafuta viatu vyake kwenye rundo. Jumapili nyingine zote walikuwa wakigombania nani atamrudisha kwa gari. Leo kila mtu alikuwa na kikombe cha kutazama.

Alitembea mpaka stesheni. Kwenye benchi la pili wanafunzi wawili walikuwa wakila chipsi, na ubao wa ratiba ulisema treni ya mjini ingefika baada ya dakika tisa. Upweke alioukimbia miaka miwili ulikuwa umefika, na ulikuwa mkubwa kama alivyodhani. Ukweli haukuwa umempa nafuu yoyote.

Simu ikatetemeka. Ilikuwa Fiona.

"Ulikula nini?"

Nyambura aliyasoma maneno hayo mawili mara tatu. Angeweza kuandika pole. Angeweza kuandika andiko, na andiko la msiba alikuwa nalo tele. Akavua glavu.

"Siku ya kwanza kichri ya mgonjwa wangu, na samli," aliandika. "Nilirudia. Jioni mkate na mayai mawili. Siku ya pili kichri iliyobaki, na ndizi. Usiku nilipika ugali na sukuma. Siku ya tatu mgonjwa mwenyewe alikuwa amefunga, nikala sahani yake. Nililia, lakini niliimaliza."

Alituma. Alama mbili zikageuka buluu. Simu ikaonyesha kwamba Fiona anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena.

Treni ikaingia, milango ikafunguka. Karibu na mjini reli hupita kwenye mahandaki, na simu hukatika. Nyambura hakupanda.