Dawa ya Nani?

Haya, tegueni hiki: nampa kila anayeiomba, sipungukiwi, na mwenye duka huitaka hata kabla hajanisalimu. Ni nini? Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni namba ya kitambulisho! Hapa Chile hununui hata dawa ya mafua bila kuulizwa. Unaitaja kwa sauti, foleni nzima inasikia, unapata punguzo, unakwenda zako.

Bi Otilia wa mji wa Quillota alikuwa akiitaja ya binti yake, Yasna. Duka la dawa la karibu na soko lilimpa Yasna punguzo zuri, yeye halikumpa, basi akasema, "Niazime namba yako, mwanangu." Watu huazimana namba kama wanavyoazimana sukari. Dawa yenyewe ilikuwa ya kifafa, na aliyejua siri hiyo ni Yasna peke yake. Bi Otilia huuza empanada sokoni, zile sambusa kubwa za huku, mafuta yanachemka mbele yake. Nani angenunua tena wakijua?

Kisha Yasna akakosa kazi ya kuendesha gari la watoto wa shule, kazi aliyoihangaikia mwaka mzima. Alipoulizwa na mama yake alijibu tu, "Wamepata mwingine." Miezi michache baadaye akaitwa na kamati ya Bunge kule Valparaíso, azungumze juu ya mswada wa kulinda habari za watu mtandaoni. Bi Otilia akavaa koti lake la sherehe, akafunga mikate ya parachichi, akasema naye anakwenda.

"Usiongee mbiombio kama unanadi samaki," alimwambia ndani ya basi.

"Na wewe mama, usinipungie mkono mbele ya waheshimiwa."

"Nitapunga! Wao ndio waliokuzaa?"

Lakini alipoketi kwenye viti vya wageni, mkono haukuinuka. Yasna alikaa wima mbele ya kipaza sauti, kamera zikimwelekea, sauti yake imetulia kama anaongea jikoni kwao.

"Duka la dawa liliuza habari zangu," alisema. "Kampuni ya magari ya wanafunzi ikazinunua, ikasoma kwamba nina kifafa, ikaninyima kazi. Hakuna aliyenipima wala kuniuliza. Mswada huu unasema habari zangu zisitolewe bila ridhaa yangu, na zikiwa na kosa nizirekebishe. Naomba muupitishe."

Bi Otilia akaikumbuka namba aliyoiazima. Kumbe ndiyo sababu walipata mwingine! Na miezi yote hiyo huyu mtoto anakuja kwake, wanakunywa chai, wanacheka, hajamnung'unikia hata mara moja.

Mheshimiwa mmoja mwenye miwani aliinama mbele. "Dada, una kifafa au huna?"

"Sina."

"Basi dawa ilikuwa ya nani?"

Yasna akasogeza kipaza sauti kando kidogo.

"Taja tu. Utasafishika hapa hapa, na hiyo kampuni itakuona."

"Nimekuja kuomba sheria, mheshimiwa. Sikuja kumuanika mtu."

"Bila jina tutajuaje kwamba hukuitunga hadithi hii?" Akatazama wenzake, wengine wakacheka kidogo. "Narudia. Dawa ilikuwa ya nani?"

Yasna hakugeuka nyuma, hata jicho halikuteleza kuelekea viti vya wageni. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Bi Otilia akaitazama shingo ile na kujiuliza alimlea lini mtu mkubwa namna hii, mtu aliye radhi kuikosa kazi anayoitaka kuliko kuitoa siri ya mwingine. Alimjivunia hadi macho yakamwasha. Akasimama. Mlinzi akamnong'oneza, "Kaa chini, bibi," naye akamsogeza kwa kiwiko.

"Ni yangu," alisema, kwa sauti ile ile ya sokoni. "Mimi Otilia Cárcamo, muuza empanada. Na nakwambia kwa sababu nimetaka mwenyewe."